Walioninyima Utani

Katika utumishi wangu wa serikali nimechukiwa na watu wengi, na uzoefu umenifundisha kuwapanga kwa madaraja. Kule Bungu, milimani, walinichukia kwa adabu: mtu anakukaribisha, anakufutia kiti, anakuwekea chai, ndipo anakuambia hataki kusikia habari ya matuta ya kuzuia mmomonyoko. Vugiri walinichukia wakati wa masika tu. Kiangazi walikuwa na shughuli nyingine. Makuyuni walinichukia siku za mkutano. Lakini watu wa tarafa ile ya Handeni, nilikopelekwa wakati Operesheni ya kuhamia vijijini imepamba moto, wao walinichukia kwa zamu, kama watu waliopangiana lindo. Ukiamka asubuhi ukaona hakuna anayekuchukia, ujue umewahi mno, watu bado hawajafungua milango.

Nilizaliwa kambi ya mkonge, Korogwe. Baba alitoka Unyamwezi akiwa manamba, akakata mkonge miaka mingi hata viganja vyake vikawa kama msasa. Akikushika mkono kukusalimu unarudi kwenu na kidonda. Mimi niliishia darasa la nne, nikapata kazi ya utarishi, kupeleka mafaili ya serikali kwa baiskeli. Uhuru ulipokuja ukaja na masomo ya jioni, nami nikajiandikisha. Darasani tulikuwa mchanganyiko wa ajabu: dobi, mpishi wa reli, fundi cherehani aliyekuja na tepu yake shingoni, na mimi. Taa ya karabai ilikuwa moja, na wadudu wa mkoa mzima wa Tanga walihudhuria pamoja nasi bila kukosa hata kipindi kimoja. Nilipopata cheti nilizunguka nacho mjini Korogwe mpaka mbuzi wa sokoni wakakijua kiwango changu cha elimu. Toka hapo nikawa karani, kisha bwana maendeleo, na mwishowe katibu tarafa.

Nilikuwa naamini, na mpaka leo naamini, kwamba kazi ya mtumishi wa serikali ni kumfuata mwananchi alipo na kumuuliza anaumwa wapi. Tatizo ni kwamba mwaka ule tuliagizwa kumfuata mwananchi alipo na kumwambia ahame.

Watu wa kwetu kule, yaani niliopewa niwaongoze, walikuwa wakulima Wazigua waliokaa bondeni, nyumba hapa, nyumba kule, kila mtu na mihogo yake. Katikati ya bonde palikuwa na kisima, na kwa wasioijua Handeni niseme hivi: kule kisima si kitu cha kupita ukakiangalia. Kule maji ni mtu. Ana heshima yake, ana ndugu zake, na kiangazi anaweza kukununia. Sasa kundi la wataalamu lilikuja na gari, likachagua mahali pa kijiji kipya juu kabisa, kando ya barabara, kwa sababu pale malori yangefika bila taabu. Pale palichaguliwa na watu waliokaa ndani ya gari, na kwa gari palifaa sana.

Amri ilikuwa wazi. Watu wahame wenyewe kabla ya mavuno kwisha. Wasipohama, yatakuja malori pamoja na mgambo. Nilikwisha kuona mgambo wakifanya kazi hiyo sehemu nyingine. Wanapanda juu ya nyumba na kuezua paa, mwenye nyumba yuko ndani anasonga ugali, makuti yanamwagikia chunguni. Mahali pengine walitia na moto ili mtu asirudi. Nilijiapia kwamba katika tarafa yangu jambo hilo halitatokea. Nitawahamisha kwa maneno matamu. Na nilikuwa na silaha moja niliyoiona kuwa kubwa kuliko bunduki: utani.

Kila mtu anajua Mnyamwezi na Mzigua ni watani. Sokoni Korogwe nilikua nikimwona baba akinyang'anywa kofia na Wazigua, naye akiwanyang'anya ndizi, wakitukanana matusi ambayo watu wengine wangeuana kwayo, wao wanacheka hadi wanakaa chini. Mtani akifiwa, mtani mwenzake anaingia msibani na vurugu zake, anadai, anachukua, na hakuna wa kumnyima. Kwa hiyo nilipopangiwa kwenda kwa Wazigua nilishukuru. Nikasema moyoni, hapa nimepelekwa kwa shemeji zangu.

Siku ya kwanza nilishuka bondeni nikiikokota baiskeli, nikafika kwenye uwanja wa mama mmoja mfinyanzi. Alikuwa mtu mzima kunizidi, mwembamba, mikono yake ya udongo mpaka viwikoni, na mitungi yake ilikuwa ikinunuliwa hadi Mombo. Wake kwa waume walikuwa wamekaa pale wakizungumza.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Akaendelea kuusugua mtungi kwa kijiwe chake. Shikamoo yangu ikabaki hewani, mwishowe ikadondoka yenyewe. Nikaona isiwe shida, nikaingia kwa mlango wa utani.

"Mimi Mnyamwezi, mama. Nimekuja kuwaangalia watani zangu. Nasikia tone la mvua likiwaangukia mnatazama juu kutafuta nani kawatemea."

Mzigua yeyote wa Korogwe angenijibu pale pale kwamba sisi shingo zetu zilizama mabegani kwa kubeba mizigo ya watu. Hapa hakucheka hata kuku.

"Umetumwa na nani?" mama akauliza.

"Na serikali."

"Basi sema ya serikali. Utani una wenyewe."

"Kwani mimi si mwenyewe?"

"Mtani huja mikono mitupu akaondoka amebeba kuku. Wewe umekuja na bendera kwenye baiskeli. Toka nizaliwe sijaona mtani mwenye bendera."

Mzee mmoja aliyekuwa akichonga mpini wa jembe akadakia bila kuinua macho: "Mwache, mama. Huyo hata akibeba kuku atasema ni wa kijiji."

Hapo wakacheka, wote, na kwa muda mrefu. Nami nikajifanya kucheka. Lakini kicheko cha utani kina mkono wa kukuvuta ukae, na kile kilikuwa na mkono wa kukusukuma utoke. Nikageuza baiskeli yangu. Kuchukiwa na mtu asiye mtani wako ni jambo la kawaida. Kunyimwa utani na mtani wako ni sawa na kufika kwenu ukaambiwa hujawahi kuzaliwa.

Basi nikaamua kuonyesha mfano, kama tulivyofundishwa kwenye semina. Nikajenga nyumba kule barabarani, miti na udongo, paa la makuti, mlango wa mbao mzuri nilioununua Korogwe. Nikasimamisha mlingoti wa bendera. Nikahamia. Kijiji kipya kikawa kimepata mkazi wake wa kwanza, na kwa msimu mzima huyo huyo akawa wa mwisho. Mimi ndiye niliyekuwa katibu, mimi balozi wa nyumba kumi ambazo zilikuwa nyumba moja, mimi jeshi la ulinzi, mimi umma. Niliitisha mkutano wa hadhara, nikapiga kengele ya chuma cha reli mpaka mkono ukafa ganzi. Akidi haikutimia, ingawa kijiji kizima kilihudhuria.

Mke wangu nilimwomba aje. Alifika, akaangalia upande huu, akaangalia upande ule, akauliza choo kiko wapi na maji yako wapi. Choo nikamwonyesha. Akarudi Korogwe na gari lile lile lililomleta.

Maji ndiyo yaliyonifundisha kazi. Akina mama walipita barabarani na mchicha, na mihogo, na mkaa. Nilipowaomba wanipitishie na debe la maji kwa malipo, mmoja akanijibu, "Mchicha tunauza, Katibu. Maji hatumuuzii mtu mwenye kijiji chake." Ikabidi nichukue debe na kwenda mwenyewe. Baiskeli haikufaa: njia ni mchanga, kisha miiba, kisha mteremko wa mawe ambao nadhani hata mbuzi huuteremka akisoma dua. Kushuka kulikuwa kuzuri. Kupanda na debe begani, jua la Handeni likiwa juu yako, jua ambalo linaweza kukaanga yai lingali ndani ya kuku, hilo ni jambo jingine. Nikifika nyumbani nusu ya debe imenimwagikia mgongoni, nusu iliyobaki nainywa yote kwa sababu ya kiu ya kuyaleta. Kwa hesabu zangu za masomo ya jioni nilikuwa nafanya kazi ya bure.

Na pale kisimani ndipo niliposemwa. Mwanamume na debe begani, katikati ya wanawake wenye ngata na mitungi kichwani, ni sinema ya bure.

"Katibu, mkeo yuko wapi?"

"Yuko Korogwe."

"Amekataa kuhamia kijijini?"

"Ana shughuli."

"Ana akili," akasema mwingine. "Ndiyo shughuli yake."

Yule mama mfinyanzi alikuwa pembeni akichimba udongo wa mitungi yake, kwani udongo mzuri ulikuwa pale pale chini ya kisima. Akaniambia bila kugeuka: "Mlete mkeo akae kule juu mwezi mmoja. Ateke maji, apike, aoge, afue za watoto. Akitoka hapo akasema panafaa, sisi tutahama wote na tutakubeba mgongoni. Kama hawezi kuja mkeo, usituite sisi."

Nilikuwa nimekwisha kupata jibu begani. Kama mimi peke yangu nilikuwa nakosa maji ya kuoga, kaya zote zile na watoto wao zingefanyaje? Upande wa pili wa bonde palikuwa na mwinuko, tambarare juu yake, na kisima kikiwa chini tu, mtu akipiga mluzi anasikika. Kufyeka njia ya lori mpaka pale ilikuwa kazi ya mikono, haikuhitaji miujiza. Nikaona hapo ndipo kijiji kinapotakiwa kuwa. Kwa kuwa watu lazima wahame, basi wahamie mahali wanapoweza kuishi.

Nikaenda wilayani kumwona mkubwa wa Operesheni. Alikuwa mtu wa kutoka upande wa ziwani, msafi, viatu vyake vinang'aa ungeweza kujinyolea ndevu humo. Nikamweleza yote. Akanisikiliza huku akichonga penseli.

"Ndugu Katibu," akasema, "ulikwenda kuwahamisha, au wamekuhamisha?"

"Maji hakuna pale, ndugu."

"Bomba linakuja."

"Limefika wapi?"

"Limefika kwenye mpango." Akapuliza maganda ya penseli upande wangu. "Mavuno yakiisha nitakuja mwenyewe kupanga malori. Nikikuta bado mko kwenye hadithi hizi, nitaanza na wewe. Makatibu wapo wengi. Wengine wamesoma mchana."

Hilo la kusoma mchana nililimeza. Nikarudi. Bondeni wakapata habari kwamba nimekwenda wilayani, na kwao mtu wa serikali akienda wilayani anakwenda kuwachongea tu. Juma hilo nilikuta mzigo wa miiba umesukumwa mlangoni kwangu, na kamba ya bendera imekatwa. Mbuzi waliachiwa uwanjani kwangu wakala mchicha wote niliokuwa nimeununua, wakala na kamba ya kuanikia nguo. Hata watoto waliokuwa wakinisalimia kwa mbali wakaacha. Nilikuwa natembea kati ya watu wazima wenye mapanga ya shambani, wananiangalia nipite. Nakuambia kweli, nilianza kuwakumbuka wale wa Bungu na chai yao.

Mavuno yakaisha. Mkubwa akaja kama alivyosema, Landrova mbele, pikapu ya mgambo nyuma. Mgambo wakashuka bondeni, wakawapandisha watu kwenye mkutano wapende wasipende. Mchana wa jua kali, kwenye uwanja wa kijiji changu cha mtu mmoja, ambako hapakuwa na kivuli isipokuwa cha mlingoti, na hicho kilimtosha nyoka tu. Mkubwa akahutubia. Akasema juu ya shule, zahanati, trekta, maendeleo. Akasema malori yanakuja wiki ijayo na atakayekutwa bondeni asije kulia. Kisha akauliza kama kuna swali.

Mama mfinyanzi akasimama. Alijifunga kanga yake kiunoni taratibu, nikajua kuna kazi.

"Mimi sina swali," akasema. "Nina huyu." Akaninyooshea kidole. "Mmetuletea mpagazi, mtoto wa wapagazi, hajui hata kubeba debe. Anakunywa maji yake yote njiani kama punda. Ananuka kama mtu aliyekatazwa kuoga. Ndiye mnatuambia tumfuate. Fisi, ambaye hana akili, anachimba shimo lake karibu na maji. Ninyi mmeshindwa na fisi. Hii serikali yenu inamwongoza nani, kama fisi anaishinda?"

Mkubwa akavua miwani yake, akaitia mfukoni.

"Umemtukana kiongozi," akasema. "Umeitukana na serikali. Mtieni kwenye gari."

Mgambo wawili wakamshika mikono. Watu wakasimama wote kwa pamoja, na niliona mikono ya wanaume ikishuka kwenye mipini ya mapanga. Mgambo mwenye bunduki akaishusha begani. Nilikuwa naangalia jambo lile nililojiapia kwamba halitatokea, na halikuwa limesubiri hata hayo malori. Sijui miguu yangu iliamriwa na nani, maana mimi si shujaa. Mimi mtu akipasua kuni ghafla naruka. Nikajikuta nimesimama kati ya yule mama na mlango wa Landrova, nacheka. Kilikuwa kicheko kibaya kuliko vyote nilivyowahi kucheka, kama nguruwe mwitu aliyekwama kwenye ua.

"Ndugu, mwachieni," nikasema. "Huyu ni mtani wangu. Mimi Mnyamwezi, hawa Wazigua. Haya ndiyo maamkizi yetu. Asingenitukana ndipo ningekasirika."

Mkubwa hakuwa mjinga. Naye kwao walikuwa na watani wao, na alijua kumfunga mtu kwa utani ni aibu itakayosimuliwa hadi kwao. Lakini alijua pia kuangalia uso. Akanipita, akamgeukia mama.

"Ni kweli, mama? Huyu ni mtani wako?"

Hapo nikaelewa nimemwomba nini. Akisema siyo, anapanda gari, na nani ajuaye mapanga yale yangefanya nini. Akisema ndiyo, anasema mbele ya ukoo wake wote, mbele ya kila aliyeninyima salamu na maji, kwamba mimi nina haki kwao. Utani hausemwi mara moja ukarudishwa. Mama akanitazama. Tangu nifike hakuwahi kunitazama hivyo, usoni, na hapakuwa na hata chembe ya wema katika macho yale.

"Ni mtani wangu," akasema, kama mtu anayetema jiwe kutoka kwenye wali.

Mgambo wakamwachia. Akajifuta mikono pale waliposhika.

"Na kwa kuwa ni mtani wangu," akaendelea, "nadai changu. Toka afike hajanipa haki yangu hata siku moja. Leo atanipa."

Mkubwa akatabasamu kidogo. "Unamdai nini?"

"Nina kiu. Watu hawa wote mmewapandisha juani wana kiu. Mtani wangu achukue debe lake akaniletee maji. Nami nitatembea nyuma yake na fimbo, akilegea namchapa."

Watu wakaguna kwa furaha. Kwa mara ya kwanza walifurahi mbele yangu. Mkubwa naye akacheka, maana hakunipenda, na nafasi ya kumwona katibu tarafa wake akiswagwa kama punda haiji kila mwaka.

"Na mimi ninaruhusiwa kuangalia?" akauliza.

"Wewe, baba, huna utani hapa," mama akamjibu. "Asiye mtani haingilii. Anafuata tu, anakuwa shahidi."

Akafuata. Na mgambo wake wakafuata, na umati wote. Nikaenda mbele na debe begani, mama nyuma yangu na kijiti, ananitukana mimi, baba yangu, na kila mzigo uliowahi kubebwa kutoka Tabora hadi pwani. Nikipunguza mwendo ananichapa miguu, na si kwa mchezo. Alichapa kama mtu anayelipwa kwa alama. Mkubwa alicheka mpaka kwenye mchanga. Kwenye miiba akawa anatabasamu. Kwenye mteremko wa mawe, na viatu vile vya kujinyolea, nikaacha kumsikia kabisa.

Kisimani palikuwa na foleni ya akina mama waliotutangulia, kwani ni kiangazi na maji yalikuwa yanakuja kidogo kidogo. Mtu anateka kata moja, anasubiri yajikusanye. Mgambo mmoja akataka kuwasukuma akina mama.

"Hapa ni zamu," mama akamwambia. "Hata serikali."

Tukasubiri zamu. Mkubwa akasimama juani akiangalia mtungi mmoja ukijaa kwa muda ambao ungetosha kusomea hotuba yake mara mbili. Alikunywa kata moja, kisha tukapanda. Kupanda kule sitaki kukusimulia, ila niseme jua lilikuwa limeshuka kutoka kwake kuja kututembelea sisi binafsi. Mkubwa alivua koti. Baadaye akavua tai. Tulipofika kwenye mlingoti shati lake safi lilikuwa limegandia mwilini, na midomo yake imekauka kama yangu.

Nikatua debe mbele ya mama. Akachungulia ndani, akasonya. Akachukua kata, akawaita wanawake wenye watoto mgongoni, wakaja mmoja mmoja, akawanywesha watoto, halafu mama zao, halafu wazee. Debe likalia kwa chini. Mkubwa akasogea, akanyoosha mkono.

"Yamekwisha, baba," mama akasema, akaligeuza debe mdomo chini. "Mtume tena."

Hakuna aliyecheka. Mkubwa alilitazama lile debe, akanitazama mimi, akarudi kwenye gari. Kabla hajafunga mlango akaniita.

"Ule mwinuko uliosema uko upande gani?"

Nikamwonyesha kwa kidole.

"Umenidhalilisha, Ndugu Katibu."

"Ni utani tu, ndugu."

"Mimi si mtani wako," akasema, wakaondoka.

Baada ya siku chache tarishi alileta habari kwamba kijiji kimehamishiwa mwinukoni na malori yatapita njia tutakayofyeka. Nilishuka bondeni nikikimbia, nikidhani safari hii nitapewa hata kigoda. Nikawaeleza. Wakanisikiliza wakiwa wamesimama. Mama mfinyanzi alikuwa akipanga mitungi kwa ajili ya kuichoma.

"Si tumepata maji, mama?" nikamwambia.

"Maji tulikuwa nayo," akasema. "Nyumba tulikuwa nayo. Mihogo yangu iko mlangoni kwangu, kesho itakuwa ya nguruwe mwitu. Wewe unataka nikushukuru kwa sababu uliahidi kunivunja miguu yote miwili ukavunja mmoja."

Nikajaribu kujibu, nikakuta masomo ya jioni hayakufika hapo.

Asubuhi yake niliamshwa na kishindo cha makuti. Nikadhani mgambo wamekosea nyumba. Nikatoka na shuka kiunoni. Mama mfinyanzi alikuwa uwanjani na wanawake zaidi ya kumi, na juu ya paa langu wanaume watatu wanaezua, makuti yanamwagikia kitandani kwangu.

"Mama, mnafanya nini?"

"Kijiji kimehama," akasema. "Mkazi wake naye ahame."

"Lakini hiyo ni nyumba yangu."

"Ndiyo. Na mimi ni mtani wako, ulisema mwenyewe mbele ya serikali nzima. Mlango nauchukua mimi, sijawahi kuwa na mlango wa mbao. Miti watachukua hawa. Makuti tutaona."

Nilikuwa nimeudai utani ule kwa nguvu, sasa umekuja kudai na wenyewe. Nikasimama nikiiangalia Operesheni ikipita juu ya nyumba ya kwanza katika tarafa yangu, nyumba ya katibu, ikifanywa na wananchi wenyewe, kwa hiari yao, kwa bidii ambayo sikuwahi kuiona kwenye kazi yoyote ya kujitolea. Mwanamke mmoja alibeba sufuria yangu. Mwingine alibeba kiti. Yule mzee wa mpini wa jembe alikuja akachukua kengele, akasema itamfaa kutengenezea shoka. Hakuna aliyeniambia asante, na matusi waliyonipa nikiwapisha njiani hayakupungua hata moja.

Mlango ulikuwa mzito. Mama aliujaribu kichwani, ukamshinda. Nikasogea nimsaidie.

"Toa mkono," akasema.

Akawaita wawili, wakaubeba. Mimi wakaniachia godoro.

"Na mimi nikae wapi sasa?" nikamuuliza.

Akaonyesha kwa kidevu ng'ambo ya bonde, kule mwinukoni, mwisho kabisa, mahali walipokwisha kupima shimo la choo cha kijiji.

"Pale, pembeni yake," akasema. "Beba mwenyewe. Mpagazi wewe."

Nikajitwisha godoro, nikawafuata, wao mbele na mlango wangu, mimi nyuma. Njia nzima walikuwa wakibishana ni nani atakayeanza kuupigia hodi.